Futi Kumi na Tatu kwa Tano

Methali iliniagiza niuzibe ufa,
haikuniambia mfuko wa saruji siku hizi ni pesa ngapi.
Nikanunua nusu. Mwenye duka alinipimia kwa sufuria
akanimiminia katika gunia kuukuu la sukari.

Mali yangu yote Ijumaa ile:
elfu nne na mia mbili, na shemeji.
Shemeji ni Otwori, anayejua kuchomelea
na anayejua zaidi kusema, "Hii tuiache tu, Mutheu."

Gereji yenyewe iko Buruburu, ubavuni mwa nyumba,
paa lake limechoka kuzuia mvua tangu niko darasa la tano,
mlango umening'inia kwa bawaba moja
kama jino la mtoto linalosubiri uzi.

Tulianza juu, kwa kuwa maji nayo huanza juu.
Mabati manne ya mitumba kutoka Kariobangi,
kila moja limekuja na matundu ya misumari ya watu wengine.
Nikazikata kandambili za bluu, viduara kama sarafu,
kila tundu likapata kiduara chake, lami, msumari katikati.
Jumamosi mvua ikaja kukagua kazi.
Ilipata pengo moja tu,
juu ya kichwa cha Otwori.

Bawaba nilizichambua Gikomba, kwenye rundo la vyuma.
Si pacha. Moja ilitoka mlango wa kanisa, aliapa muuzaji;
ya pili hakuiapia lolote.
Skrubu zikaikataa mbao iliyooza,
tukajaza matundu kwa njiti za kiberiti na gundi,
zikakubali.
Mlango ukafunga, kisha ukagoma kufunguka.
Tukaupiga randa. Ukafunguka, ukigugumia.

Sakafu ndiyo iliyonikalisha chini.
Nilitoa magazeti, ndoo tatu zisizo na mikono,
kitanda cha mtoto ambaye sasa ana ndevu,
nikamwaga maji, nikasugua kwa brashi ya waya,
na sakafu haikuwa na tone la oili.
Miaka thelathini na minne inaitwa gereji. Hata tone.

Kisha mstari mweupe. Kisha wa pili.
Rangi, si chaki.
Pembe nne zilizonyooshwa kwa uzi,
futi kumi na tatu kwa tano,
na ndani yake miraba minne midogo,
palipokusudiwa magurudumu.

Baba alikuwa karani wa reli.
Hakuacha deni. Hakuacha gari.

Otwori, mwiko mkononi, akauliza, "Nimwage?"
Nikasema ngoja. Nikasema mwaga. Nikasema ngoja.
Saruji iliyochanganywa haina subira na mtu anayewaza,
huanza kukauka ikikutazama.
"Mwaga."
Tukaitandaza nyembamba kama chapati ya maji,
ile nusu mfuko ikatosha, ikabaki ya kufunika ufa
na shilingi sitini za soda, chupa moja, mirija miwili.

Sasa mna meza ya mbao za paleti,
taa moja, waya uliofungwa vizuri kuliko ule wa sebuleni,
na feni ya jirani inayongoja nijue ugonjwa wake.
Pasi mbili. Redio ya mlinzi.

Saa nne Mama huniletea chai.
Kutoka mlango wa jikoni hadi mezani ni hatua sita.
Yeye hutembea kumi na moja.
Hushika ukuta, hukata kona,
huvuta leso yake ikamkaa mwilini,
hupita upande upande, kama alivyopita miaka yote
na beseni la nguo kiunoni,
nami nikidhani ni magoti.

"Pita katikati, Mama. Sakafu imekauka."

Alinitazama kama niliyetoa neno baya mbele ya wageni.
Akamaliza kuzunguka. Akaweka kikombe.
"Nitalikwaruza," akasema.