Njoo Kesho

Suti ya ngozi ya Shebwana Nassoro
imepita mikononi mwangu mara kumi na tisa.
Mimi mshona viatu wa Kuze, si mtu wa mbio,
pikipiki sijui hata kuiegesha,
lakini mwili wa yule nimeusoma kwa sindano.

Hapa begani, kushoto, kiraka cha kwanza:
kona ya mnara wa taa, mvua ya masika,
ana miaka ishirini na miwili,
asubuhi anasambaza mikate ya mofa,
na siku polisi wakifunga njia ya Mama Ngina kwa kamba
anashindana na wenye pikipiki za baba zao.
Alikuja akichechemea, akicheka:
"Fundi, lami imeniuma.
Nishonee, nirudi nikaiume."

Goti la kulia limelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi.
Hilo si la kuanguka.
Ndivyo apigavyo goti mwenye haraka.

Kisha miaka minne sikumtia machoni.
Timu ya Durban ilimchukua.
Suti ikarudi na nembo za matairi, nembo za mafuta,
na mgongoni, kwa uzi wa dhahabu, SHEBANA.
Nikamwuliza, herufi yako moja wameila?
Akasema, "Na mshahara wameula."

Mshono huu mrefu, toka shingo hadi kiuno,
siupendi kuugusa.
Ni mkasi wa manesi wa Makadara.
Nliushona kwa uzi mara mbili, bila kuagizwa,
naye kalala miezi mitano
hajui kama vidole vya miguu ni vyake.

Sasa ana arubaini na moja,
duka la vipuri Mwembe Tayari,
kitambi cha heshima.
Jumatatu kaja na suti kwenye mfuko wa khaki:
"Niongezee kiunoni, vidole viwili.
Jumamosi kuna mbio."
Nikapima.
Vilikuwa vinne. Sikusema.

Alasiri kaja mkewe, Mwanamize. Hakukaa.
"Nyinyi mafundi waongo," akasema,
"mji mzima unajua.
Basi wiki hii nifanyie huo uongo wenu."

Jumanne: njoo kesho, uzi umekwisha.
Jumatano: sindano imevunjika.
Alhamisi nikamfisha shangazi
aliyekwisha kufa mwaka wa mafuriko.
Ijumaa nikatoka mlango wa nyuma kama mdaiwa.

Na suti ilikuwa tayari tangu Jumanne usiku.
Ilikuwa chini ya busati. Nimeikalia.

Jumamosi hakuuliza kitu.
Akavuta kigoda, akaagiza kahawa mbili.
Mara, juu ya mapaa, upande wa bahari kuu,
ngurumo; upepo unaileta, upepo unaificha.
Akainamisha kichwa kama anayesikiliza kifua cha mtoto.
"Huyu kaachia mafuta mapema. Mwoga.
Huyu... huyu ana mkono.
Sikiliza gia. Nne. Tatu.
Sasa lala. Lala, mwanangu, lala..."
na bega lake la kushoto, lile la kiraka cha kwanza,
likashuka polepole hadi likagusa ukuta wangu.

Kahawa yake ilipoa, ikaota ngozi.

Kelele zilipokwisha akainuka.
"Suti?"
"Njoo kesho."

Akatazama busati lilivyotuna chini yangu.
Akalipa kahawa.
Kisha akanihesabia na pesa za ushonaji, noti juu ya noti:
za vidole vinne, si viwili.