Mlango

Juni, huku Rungwe, ukungu hauondoki mpaka saa nne.
Nje hakikauki kitu.
Mama akatundika nepi za mjukuu juu ya jiko la mkaa,
akaenda kuchuma chai.
Waya ukalegea.
Ndivyo ilivyoanza: kwa nepi.

Kila mtu alitoka na kilichomjia mkononi.
Bupe alitoka na mtoto, yeye peke yake alikuwa na akili.
Mimi nilibeba chujio na kiatu kimoja.
Mama, aliyekuja mbio na kapu lake mgongoni,
alimwokoa kuku aliyeatamia, na mayai yake yote.
Na baba, tuliyedhani yuko ndani akivuta sanduku,
alikuwa anang'oa bawaba za mlango
kwa ncha ya panga.

"Mzee, sanduku! Sanduku!"
Sanduku la chuma kutoka Mbeya mjini, kufuli mbili,
hati ya shamba, vyeti vyetu, picha ya harusi.
Baba akawapita, mlango mgongoni,
kama mtu anayehama na nyumba isiyo na kuta.

Walicheka. Paa linaanguka, nao wanacheka.
Anyosisye alicheka hadi akashika magoti.
Mwalwisi akasema moshi umempanda kichwani.

Kesho yake tulivunja kufuli.
Chuma hakikutoboka popote.
Ndani, kila karatasi ilikaa mahali pake,
imekunjwa vilevile, nyeusi tii,
na jina la babu lilisomeka bado,
herufi zinang'aa kama risasi ya penseli.
Nikapumua.
Jina likaondoka.

Chuma hakiungui, fundi alituambia alipotuuzia.
Kweli. Hata sufuria haiungui.

Ndipo baba akaugeuza mlango
uliokuwa umeegemea mparachichi.
Upande wa ndani, kwa mkaa, kwa mwandiko wake wa kulala:
Anyosisye, madebe mawili mbegu ya viazi, Machi.
Mwalwisi, elfu arobaini, za msiba.
Tupokigwe, mbao sita.
Na wengine, hadi chini kwenye kizingiti.
Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri.
Jumapili, kabla ya ibada, mbao zilianza kufika.

Hati mpya tuliihangaikia miezi saba.
Sasa nakala moja iko kwa shangazi, Uyole,
moja kwa mchungaji,
ya tatu mama ameifunga nailoni, akaiweka chunguni,
akaizika mahali fulani kwenye migomba.
Hasemi wapi, hata kwa baba.
Jiko linalala nje.

Mlango tuliusimamisha kabla ya kuta kufika kiunoni.
Tulikuwa tunaufungua na kuufunga, hivyo hivyo, uwanjani,
na mvua inaingia kila upande.
Karibu na kitasa pana mstari mpya wa baba:

Moto, nyumba moja, hati, picha ya harusi. Hajalipa.

Na chini yake, kwa mwandiko wa mama,
mdogo, kama wa mtu anayenong'ona:
nepi nne.