Ufunguo

Jumatano, jumuiya, sebuleni kwa kina Sekiete,
Muheza, mvua ya vuli imeondoka na umeme,
tumepiga magoti mkekani, koroboi katikati.
Kiongozi akanigusa bega: "Wagonjwa, Ezroni."

Kazi hiyo naijua. Sauti ninayo.
Nikamweleza Bwana habari za Bi Perpetua
kana kwamba Bwana hajui anakokaa:
mjane, ukuta wake na wangu ni mmoja,
mtoto wa jicho, chooni anakwenda kwa kupapasa,
kliniki Teule ni Jumatatu, nauli hana.
"Ee Baaaba," nikasema, nikiivuta,
"mwinue mtu. Mguse mtu moyo. Mtume mtu."

Hapo ufunguo wa pikipiki
ukanichoma paja, ndani ya mfuko.
Nikajisogeza. Ukachoma tena.
Nikauhamishia uzito goti la kushoto,
nikamaliza vizuri. Wakaitika Amina.
Mama mmoja alijifuta machozi kwa pindo la kanga.

Jumatatu ile nilibeba machungwa, matenga mawili,
hadi stendi. Nilikuwa na sababu.
Jumatano nikaomba tena, ombi lile lile,
ila ufunguo niliuacha nyumbani, juu ya redio.
Paja likachoma vilevile.

Basi nikampakia.
"Polepole," akasema, "mifupa hii haina vipuri."
Alilishika shati langu kwa ngumi mbili.
Tulipovuka reli akainama sikioni:

"Si ndiye wewe unayerudi saa tano usiku?
Huwa nausikiliza huo mlio
mpaka uzime mlangoni kwako.
Ukizima, nasema asante Mungu, nalala.
Usiposikika, nakesha na macho yangu haya mabovu."

Miaka mitatu. Na lifti hajawahi kuniomba.
Sikujibu. Nilijifanya nakwepa shimo.
Pale barabarani hapakuwa na shimo.

Jana kiongozi kanigusa tena bega:
ada ya mtoto wa Shemdoe,
na bati la Mama Hilda lililochukuliwa na upepo.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Kimya. Koroboi ikatoa moshi.
Wenzangu wakadhani Roho amenishukia.

Nilikuwa napapasa mifuko:
elfu nne, misumari miwili iliyopinda,
ufunguo.

"Baba," nikasema, nayo ikatoka fupi,
"subiri kidogo. Nahesabu."