Milango Miwili

Nimengoja misumeno ya Keko inyamaze.
Saa tatu usiku seremala wa mwisho kafunika randa yake,
vumbi la mninga limetua juu ya bati,
nami nikafungua boksi.

Luku inasema uniti moja nukta sita.
Itatosha, feni nikiizima.

Vitelezi vinane, vifundo vinane.
Kitelezi cha nane hakina kichwa,
kijiti cha chuma tu, jino lililovunjika.
Kwa jino hilo yule wa Mtaa wa Aggrey
alinipunguzia elfu thelathini, na bado akajiona mshindi.

Waya. Taa ya bluu.
Kompyuta ikasema imekitambua kifaa.
Haya. Kutambuana si kuzungumza.

Nikasukuma cha kwanza: kwenye skrini ngoma ikapanda.
Nikapiga kigelegele peke yangu,
godoro la ukutani likakimeza.
Kisha nikashika kipanya, nikaishusha ngoma kulekule kwenye skrini,
nikatazama mezani:
kitelezi kimekaa palepale, kimenuna.

Nikazima, nikawasha.
Nikachomoa, nikapuliza tundu, nikachomeka.
Nikapakua kiendeshi kipya kwa bando la mama,
atakayeamka kesho akitafuta mahubiri yake asiyapate.

Saa saba kasoro ndipo nikaona.
Kwenye mipangilio kuna milango miwili,
wa kuingilia na wa kutokea,
na mimi nilikuwa nimechagua mmoja.
Ya kwangu yote yalifika.
Ya upande wa pili hayakuwa na pa kupita.

Pazi, ulinijia hapo, na sikukuita.

Nikachagua wa pili.
Trrrr!
Vyote vinane vikaruka, hata lile jino,
nikaondoa mikono kama niliyeshika sufuria ya moto.

Nikafungua kazi ya Bi Siwema,
ya mwisho uliyochanganya kabla hujaondoka kwenda Mwanza
na kipaza sauti kimoja
na neno langu moja baya.
Nikabonyeza cheza.

Vikaanza kutembea.

Wewe ulikuwa unachora kwa kipanya, nukta baada ya nukta,
umejikunja, ncha ya ulimi nje,
nami mlangoni nakwambia fanya haraka, mteja yuko Chang'ombe anakuja.
Sikuwahi kuuliza unachora nini.
Sasa nakiona. Cha tatu, sauti ya Bi Siwema,
kinainama kabla ya kila ubeti,
unene wa unywele tu,
ili pumzi yake ya pumu ipite bila kusikika,
kisha kinainuka na neno la kwanza
kama anayempokea mtu mzigo kichwani.
Mara kumi na moja. Nilihesabu.
Hukusahau hata moja,
na mimi nilikuita mvivu mbele ya wateja.

Programu inanipa njia tatu:
Soma. Gusa. Andika.
Andika ingefuta mkono wako usiku huu huu.
Nikachagua Gusa.

Nikaweka kidole juu ya cha tatu, nikakizuia kisiiname.
Mota ikanisukuma kidogo, ikaacha.
Pumzi ya Bi Siwema ikaingia chumbani,
ina mluzi ndani yake, ina kutu,
na sijui, Pazi, labda ndiyo iliyokuwa wimbo.
Nikainua kidole.
Kitelezi kikarudi taratibu pale ulipokiacha.

Nikakizuia tena.
Kikarudi tena.

Nukta tatu za umeme. Saa tisa na robo.
Sikuhifadhi chochote.
Nikaitafuta namba yako, nikaandika bila salamu:
*Pumzi ya Bi Siwema, tuifiche au tuiache?*
Nikatuma, nikakaa kimya gizani kwenye mwanga wa vifundo,
na Luku ikaanza kulia.