Kanyaga, Shikilia

Pedeli ilizama Jumanne, pale barabara inapokatiza reli,
ikazama kama mguu kwenye theluji usiyoijua kina.
Nikavuta breki ya mkono. Buick ikasota, ikasota,
ikaingiza pua kwenye ua wa kanisa la Wapolandi.
Hakufa mtu. Kilichomwagika ni kahawa.

Ni gari la baba, la mwaka elfu mbili na mbili.
Kila msimu wa baridi, hapa Lackawanna,
malori ya mji hutia chumvi barabarani
kama mpishi aliyesahau kwamba amekwisha kutia.
Chumvi huyeyusha barafu.
Haijui pa kukomea.

Nimelala chali juu ya katoni la jokofu.
Bomba la breki limepita juu ya tangi la petroli,
mahali ambapo aliyeliunda gari hakuwa na mpango wa kurudi.
Nimeligusa kwa kidole, limebanduka magamba.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na nguo ya gari ni tope la Februari, miaka yote.

Nati ya kwanza imezunguka ikawa duara.
Ya pili nimeipiga moto, nimeinywesha mafuta, nimeitukana.
Ya tatu imekatika na kipande cha ngozi yangu.

Thaddeus Wieczorek, baba yangu, yuko kitini karibu na hita.
Miaka ishirini na minne alisimama mbele ya tanuri
akitazama chuma kikitiririka kama uji,
na leo chuma kinanidondokea machoni, unga mwekundu.
Machi kiharusi kilimchukua mkono wa kulia
na maneno karibu yote. Yamebaki manne:
chini, kahawa, la,
na tusi moja la Kipolandi, zima, halina hata mkwaruzo.

Bomba jipya ni la shaba na nikeli, laini,
nimelipinda kwa goti likatii.
Nikakata, nikasugua ncha, nikabana kwenye kifaa,
nikaupanua mdomo, nikaukunja tena kwa ndani
mpaka ukachanua kama ua la kengele.
Ndipo nikaiona nati.
Juu ya meza. Imekaa tu, inanitazama.
Ilipaswa kuvishwa kwanza.

Baba akacheka.
Upande mmoja wa uso, lakini akacheka,
yeye aliyenirushia spana nikiwa na miaka kumi na tatu
kwa kosa hilihili.

Nikakata tena.

Jioni Delbert wa nyumba ya pili akaja,
tukambeba baba, tukamkalisha kwenye usukani.
Gari limeinuliwa nyuma, kwa hiyo ameinama mbele kidogo,
kama anayesoma kitu kwenye kioo.
Mguu wa kushoto bado ni wake.
Tunaanza na gurudumu la nyuma kulia, lililo mbali kuliko yote.

Kanyaga.
— Chini.
Shikilia.
Nafungua nipo robo mzunguko. Upepo unatoka, unakohoa,
viputo vinapita kwenye mpira mweupe hadi kopo la jamu.
Nafunga. Achia.

Kanyaga.
— Chini.
Mguu wake unatetemeka. Najua, ingawa simwoni:
mtetemo unashuka kwenye pedeli, unapita bomba
nililolikunja kwa goti langu,
unafika kwenye spana, unafika kwenye kifundo cha mkono wangu.
Hatujawahi kushikana mikono muda mrefu hivi.

Mara ya kumi na moja. Ya kumi na mbili.
Mafuta ya breki yamekuwa meupe, hayana hata kiputo.
Nafunga nipo. Nafuta.
Achia, baba.

Haachii.
Delbert anauliza kama kuna tatizo.
Mafuta yananichomachoma mkwaruzo wa kidole,
baridi ya sakafu imepenya katoni,
na juu yangu pedeli imesimama, ngumu, kimo cha ngumi,
na mguu wake uko pale pale.

Sikurudia kumwambia.