Saa Moja Soroti

Tulisema saa moja tu.
Basi la Moroto lingejaa, tungepanda,
na Soroti ingebaki jina kwenye ramani ya Kisanga
iliyokunjwa na kukunjuliwa hata ziwa limechanika katikati.

Lakini mkanda wa shanta la Mwakio ulikatika
pale pale stendi. Sufuria ikabingirika
hadi miguuni pa askari wa trafiki.
Akaiokota, akaichungulia, akaona ukoko wa jana,
akaturudishia bila neno.

Tulikuwa saba, na saba hatukuwahi kukubaliana hata juu ya chumvi.
Hidaya alitaka choo. Nabwire, kivuli.
Mimi nilitaka kunyamaziwa tu.
Tukaingia mjini kama ng'ombe waliofunguliwa na mtoto.

Mtaa mpana kuliko haja yake.
Saa nane mchana, mbwa wawili na baiskeli moja.
Maduka bega kwa bega, nguzo nene
zilizochubuka: kijani juu ya buluu,
buluu juu ya chokaa ya zamani,
na kwenye kipaji cha kila jengo, mwaka wa saruji:
1931. 1936.
Moja limeng'oka tarakimu mbili, limebaki 19 na shimo,
na njiwa ametaga ndani ya miaka iliyopotea.
Chini yake herufi za Kigujarati, za mikia na vitanzi.
Hakuna kati yetu aliyejua kuzisoma.
Rehani alizipiga picha hata hivyo.

Barazani, mama mmoja na cherehani ya miguu,
nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika
pale tu kiganja kinapopita.
Asekenye, alisema, ndilo jina langu, leteni huo mkoba.
Kiswahili alikiokota stesheni, treni zilipokuwa treni.

"Uzi mweusi sina. Nina manjano."
Manjano basi.

"Cherehani si yangu," akasema, pini mdomoni,
bila kuulizwa.
"Ni ya mwenye duka hili. Mwaka ule wa kuondoka
alimwita mama yangu, aliyekuwa akimpigia pasi,
akamwambia, nitunzie, nitarudi Jumamosi.
Hakusema Jumamosi ipi.
Basi kila Jumamosi naitia mafuta."

Mguu wake haukusita. Kanyagio likaenda, likarudi.

"Na hawajarudi?" Hidaya huyo, asiyejua kuacha.

"Alikuja mjukuu. Alisimama hapo uliposimama wewe,
kamera shingoni. Alilia kidogo.
Alikunywa maji yangu, akauliza njia ya kwenda mwambani."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia njia."

Akakata uzi kwa meno.

Elfu tatu. Kisanga akataka elfu mbili,
Kisanga aliyetoka kwao na viatu vya bei ya ng'ombe.
Nabwire alimtazama. Akalipa tatu,
akasahau, au akajifanya kusahau, chenji ya tano.

Basi lilikuwa limekwenda.
Usiku ule tulikaa kuzunguka chungu cha ajono,
wenyeji wakatupa mirija mirefu, kila mtu na wake,
tukanyonya kimya kutoka pombe moja yenye joto,
na kwa mara ya kwanza tangu Busia
hakuna aliyehesabu nani amekunywa kiasi gani.
Mwamba ulisimama nyuma ya nyumba, mweusi,
ukirudisha joto la mchana polepole
kama mdaiwa mwaminifu.

Alfajiri tulipita tena mtaa ule, mashanta mgongoni,
mshono wa manjano ukimwongoza Mwakio mbele yetu.
Giza bado. Harufu ya mafuta ya mashine.
Alikuwa ameinama, kopo mkononi, kitambaa begani,
kisha akakaa, akakanyaga,
na cherehani ikaenda, ikaenda,
bila nguo, bila uzi,
kusikiliza tu kama iko sawa.

Ndipo nilipokumbuka ni siku gani.
Honi ya basi ikalia. Hatukumwamkia.