Pengo Limepungua

Kasese, msimu wa pamba.
Nimefika na kishikwambi cha serikali,
kitambulisho shingoni,
vumbi la kata tatu kwenye viatu.
Kaya ya kumi na saba katika orodha yangu
ni mlango wa bati uliochorwa mistari ya mkaa.

Ithungu ananipa kigoda, yeye anakalia gunia.
Nasoma swali kama lilivyo, ndivyo tulivyofundwa:
usiongeze neno, usipunguze neno, usitikise kichwa.
Katika siku saba zilizopita,
ulifanya kazi ya malipo angalau kwa saa moja?
Anacheka mpaka nyuzi za pamba zinamdondoka nyweleni.
"Saa moja, mwanangu, ni ya kutafuta ndara gizani."

Anachambua pamba kiwandani,
nyeupe huku, yenye madoa kule,
tangu king'ora cha kwanza hadi mgongo useme basi.
Shilingi elfu saba kwa siku.
Mbusa, meza ya pili,
pamba ileile, vumbi lilelile, kikohozi kilekile:
elfu kumi na moja.

Namwuliza kwa nini. Swali hilo halimo, nimelichomeka.
"Wanasema yeye hubeba magunia."
"Huyabeba?"
"Tangu waliponunua mkanda wa mashine, mkanda ndio unaobeba.
Lakini mkanda hauna mfuko,
basi posho yake anapewa Mbusa."

Kuna kisanduku cha kuchota maji.
Kuna kisanduku cha kuni.
Cha kuamka usiku mara tatu
kumgeuza mama mkwe asioze mgongo, hakuna.
Kuna "Mengineyo, taja." Nikataja.
Kishikwambi kikajibu: maneno yamezidi.

Na mimi je?
Nalipwa kwa kaya, miguu ni yangu.
Thembo, tuliyekaa naye dawati moja mafunzoni,
anapewa pesa ya petroli kwa kuwa ana pikipiki.
Nilipouliza, karani alinitazama kwa huruma ya kweli:
"Dada, wewe utaitia wapi petroli?"
Kaya yangu haikuingia kwenye sampuli.

Mwaka ukazunguka. Ripoti ikaja
na bango la kubandika ofisi ya wilaya,
nguzo ya kijani ya wanawake
imeisogelea nguzo ya buluu, karibu bega kwa bega.
PENGO LIMEPUNGUA.
Makofi yalipigwa, soda zilifunguliwa,
nami nilipiga makofi, nisiseme uongo,
maana humo ndani, mahali fulani,
mlikuwa na nyayo zangu.

Nikarudi kaya ya kumi na saba.
"Sasa ni elfu ngapi?"
"Saba."
"Na Mbusa?"
"Saba na mia tano.
Wamegundua kwamba mkanda ndio unaobeba."

Namba haikudanganya.
Afadhali ingedanganya, ningejua pa kuanzia ugomvi.
Mizani husawazika kwa kuongeza huku
au kwa kupunguza kule;
mshale ukishasimama katikati
hausemi ulisimamishwa vipi.

Nilikuwa naaga nilipouliza habari za mlango.
"Siku walizonikata," akasema.
"Nilichelewa, niliugua, au kitabu chao kilisahau.
Wao wana kitabu, mimi nina bati."

Chini, karibu na bawaba,
palikuwa na mikwaruzo mipya, mifupi,
ya ncha ya msumari.
"Hiyo ni ya Mbusa. Kwake ni pazia tu,
hawezi kuandika kwenye pazia.
Huja Jumamosi jioni, anakwaruza, anakwenda zake."

Betri ilibaki asilimia tisa.
Nikachuchumaa.
Mkaa: arobaini na moja.
Msumari: kumi na sita.
Nikahesabu tena kutoka chini,
kama tulivyofundwa,
mara mbili,
isije ikasemwa baadaye kwamba tulikosea.